Kidonda cha Tumbo Kinachorudi



Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Kolwezi, tangu Manika mpaka Dilala, yuko mtu ambaye jamaa zake husema juu yake, "Tumbo lake si zima." Usiku wa manane, wengine wakiwa wamelala, yeye huamka, hukaa kitandani na kukandamiza kwa mkono mahali pale chini ya kifua, zinapokutana mbavu. Akila kidogo, maumivu hutulia. Baada ya saa mbili au tatu hurudi. Mtu huyo alikwenda hospitali, akaambiwa ana kidonda cha tumbo, akapewa dawa. Juma la kwanza maumivu yalipungua, juma la pili yakatoweka, na jamaa wakafurahi. Lakini miezi minne haijapita, maumivu yamerudi mahali pale pale na saa ile ile ya usiku.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja asema kwamba dawa za siku hizi hazina nguvu. Wa pili asema kwamba mgonjwa anywe maziwa na aache pilipili. Wa tatu, ambaye hasemi kwa sauti bali hunong'ona, asema kwamba ugonjwa usiosikia dawa umetumwa na mtu. Na mara jina la shemeji, au la bibi mjane wa nyumba ya pili, latajwa.

Leo twataka kujibu swali moja tu: kwa nini kidonda kilichotibiwa hurudi? Jibu lake lipo, lajulikana, na mara nyingi laweza kuonyeshwa kwa kipimo. Anayelijua atapona upesi zaidi, naye hatakuwa na haja ya kumchukia jirani yake.

Asidi ni mtumishi wa mwili

Sisi wakaaji wa Lualaba twaijua asidi. Malori ya matangi huipeleka viwandani, na wazazi huwaonya watoto wasiyakaribie. Tangu kiwanda cha Luilu kilipoanza kazi mwaka 1960, asidi ya salfa imetumiwa mjini kwetu kuyeyusha madini, ili shaba na kobalti zitoke katika mawe yaliyosagwa. Hakuna mchimbaji asiyejua kwamba asidi hula nguo, hula ngozi, hula chuma.

Basi, ndani ya kila mmoja wetu kimo kiwanda cha namna hiyo. Katika ukuta wa tumbo la chakula zimo tezi ndogo sana zinazotoa asidi ya namna nyingine, iitwayo asidi ya hidrokloriki. Mwingereza William Prout ndiye aliyeonyesha, mwaka 1824, kwamba asidi iliyomo tumboni ni hiyo. Kwa siku moja tumbo la mtu mzima hutoa maji yake yenye asidi kiasi cha lita moja na nusu au mbili.

Wengi huidhania asidi hiyo kuwa adui, kumbe ni mtumishi. Huua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na maji na chakula. Tena huiwezesha pepsini, yaani kimeng'enya cha tumbo, kuikata nyama, samaki na maharagwe vipande vidogo sana ambavyo mwili waweza kuvitumia. Mtu asiye na asidi kabisa hawezi kusema kwamba ana afya njema.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa asidi hiyo yaweza kuyeyusha nyama, mbona haiyeyushi tumbo lenyewe, ambalo nalo ni nyama? Swali hilo ni zuri. Jibu ni kwamba ukuta wa tumbo umefunikwa kwa ute mzito, na chini ya ute huo tumbo hutoa chumvi iitwayo bikaboneti, ambayo huivunja asidi nguvu kabla haijafika kwenye nyama. Viwandani chokaa hutiwa katika maji yenye asidi ili kuyapunguza ukali. Bikaboneti hufanya kazi kama hiyo. Zaidi ya hayo, ngozi ya ndani ya tumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache. Kwa hiyo asidi na ute hukaa pamoja kwa amani, kila kimoja mahali pake. Kidonda hutokea pale ukuta huo unapopoteza ulinzi wake. Aghalabu kidonda huwa katika tumbo lenyewe, au katika mwanzo wa utumbo mwembamba, mara tu chakula kinapotoka tumboni.

Zamani walipigana na asidi peke yake

Kwa muda mrefu madaktari waliiona asidi tu. Mwaka 1910 Karl Schwarz, daktari mpasuaji wa Zagreb, alifundisha kwamba pasipo asidi hakuna kidonda. Na mafundisho yake yalikubaliwa kote. Kwa hiyo walitafuta kila njia ya kuipunguza asidi. Wagonjwa walilishwa maziwa na uji. Wengine walipasuliwa, wakakatwa sehemu ya tumbo, au wakakatwa mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo litoe asidi. Mwaka 1976 dawa mpya iitwayo simetidini ilianza kutumiwa katika Uingereza, nayo ilikuwa na nguvu kuliko zote za kabla yake. Vidonda vilifunga katika majuma machache, na watu wakashangilia.

Lakini waliposhangilia, waliona jambo la kusikitisha. Mgonjwa alipoacha vidonge, kidonda kilirudi. Katika mwaka mmoja tu, zaidi ya nusu ya waliopona waliugua tena. Ikawa lazima wengi wameze dawa mwaka baada ya mwaka. Ni kama mtu anayefyeka magugu kila juma bila kung'oa mzizi: shamba laonekana safi, lakini mzizi ungalimo.

Katika Afrika yetu ugonjwa huo haukuwa mgeni. Daktari mpasuaji Mwingereza, Frank Tovey, alikusanya habari za hospitali nyingi za Afrika kusini ya Sahara, na mwaka 1975 akaonyesha kwamba vidonda vya mwanzo wa utumbo vilikuwa vingi sana mahali fulani, hasa katika nchi za milima zinazotenga maji ya mto Nile na maji ya mto Kongo, yaani pande za Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Lakini mzizi wenyewe ulikuwa haujaonekana.

Mwana wa mji wa migodi

Aliyesaidia kuuona mzizi huo alizaliwa katika mji unaofanana na wetu. Barry Marshall alizaliwa mwaka 1951 huko Kalgoorlie, mji wa migodi ya dhahabu katika Australia ya Magharibi. Alipokuwa daktari kijana katika hospitali ya Perth, alikutana na Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuchungulia kwa darubini vipande vya nyama vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa. Tangu mwaka 1979 Warren alikuwa akiona katika vipande vya tumbo vijidudu vilivyopinda, ambavyo hakuna aliyevijali. Wakati huo wataalamu walisadiki kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kukaa na kuzaana katika asidi kali namna ile.

Wawili hao walijaribu kuvikuza vijidudu hivyo katika visahani, wakashindwa mara nyingi, kwa maana visahani vilitupwa baada ya siku mbili. Ikawa wakati wa Pasaka ya mwaka 1982, visahani vikaachwa siku zote za sikukuu. Waliporudi kazini, vijidudu vilikuwa vimeota. Kumbe havikuhitaji siku mbili, vilihitaji siku nyingi zaidi.

Watu wengi hawakuwasadiki. Kwa hiyo mwaka 1984 Marshall, ambaye tumbo lake lilikuwa limepimwa na kuonekana zima, alikunywa maji yenye vijidudu hivyo. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na alipopimwa tena kwa mrija, tumbo lake lilikuwa limewaka na vijidudu vimejaa humo. Kijidudu hicho baadaye kiliitwa Helikobakta pilori. Mwaka 1994 shirika la Umoja wa Mataifa linalochunguza ugonjwa wa kansa lilikiweka katika orodha ya mambo yanayoleta kansa kwa binadamu. Mwaka 2005 Marshall na Warren walipewa Tuzo ya Nobel.

Tusiige tendo la Marshall, lakini tuyashike matunda yake. Kijidudu hicho kilipouawa kabisa, vidonda havikurudi kama zamani. Wale waliokuwa wakiugua tena zaidi ya nusu kwa mwaka, sasa ni wachache, chini ya mmoja katika kila kumi. Mzizi ulikuwa umeng'olewa.

Kijidudu chaishije ndani ya asidi?

Kina ujanja wake. Katika maji ya mwili kimo kitu kiitwacho urea, kile kile kilichomo katika mkojo. Kijidudu huigeuza urea kuwa amonia, nayo amonia huivunja asidi nguvu, hivi kwamba kijidudu chatembea kimezungukwa na wingu dogo la kukilinda. Kwa mikia yake huogelea mpaka ndani ya ute, na huko hukaa miaka na miaka. Kinapokaa hapo, ukuta wa tumbo huwaka, ute hupungua nguvu, na kwa watu wengine tumbo huongeza asidi kupita kiasi. Kwa hiyo Schwarz hakusema uongo: asidi ndiyo inayochimba shimo. Lakini kijidudu ndicho kinachoifungulia mlango.

Yafaa tujue pia kwamba wengi wanacho bila kuumwa. Utafiti mmoja uliokusanya hesabu za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2017, ulikadiria kwamba katika Afrika watu 70 hivi katika kila 100 wanacho. Katika kila watu 10 wenye kijidudu, mmoja tu au wawili hupata kidonda maishani mwao. Mara nyingi mtu hukipata utotoni, katika nyumba yake mwenyewe, kwa mate, kwa matapishi, kwa maji machafu, au kwa mikono isiyonawiwa baada ya choo. Kwa hiyo mgonjwa asimtazame kwa jicho baya aliyekula naye jana. Huenda kijidudu kimekaa naye tangu alipokuwa akitambaa.

Sababu za kurudi

Dawa moja peke yake haiwezi kukiua kijidudu hiki. Madaktari hutoa kadhaa kwa pamoja. Moja hupunguza asidi, kama omeprazoli, nayo humezwa kabla ya chakula. Nyingine mbili huua vijidudu, kama amoksilini pamoja na klarithromaisini au metronidazoli. Mahali pengine hutolewa bismuthi, tetrasiklini na metronidazoli pamoja na ile ya asidi. Siku zake kwa kawaida ni 14. Mtu asiseme kwamba dawa ya asidi haina maana: asidi inapopungua, kijidudu huanza kuzaana, na hapo ndipo amoksilini hukishika, tena dawa zenyewe haziharibiwi na ukali wa asidi. Zote hufanya kazi kama timu moja. Ukimtoa mmoja, timu imeshindwa.

Sasa tuzitazame sababu za kurudi kwa kidonda, moja moja.

Ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kwamba kijidudu hakikufa. Maumivu huondoka mapema, pengine siku ya tano, kwa sababu omeprazoli imekwisha kuipunguza asidi. Mgonjwa asema moyoni, "Nimepona." Vidonge vilivyobaki avitunza kwa ajili ya siku nyingine, au ampa ndugu yake anayelalamika tumbo. Mwingine hakuwa na fedha ya siku 14, akanunua ya siku tano dukani, akihesabiwa vidonge kimoja kimoja katika karatasi. Vijidudu dhaifu vimekufa, vile vyenye nguvu vimebaki, na sasa vimeifahamu dawa. Tukumbuke neno hili: kutoweka kwa maumivu kwaonyesha kwamba asidi imetulia, hakuonyeshi kwamba kijidudu kimekufa.

Jambo hili lina ndugu yake, nalo ni usugu. Metronidazoli, ambayo wengi waijua kwa jina la Flagyl, humezwa kwetu kwa kila tumbo linalouma, kwa kuhara, kwa amiba, mara nyingi bila kipimo. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Afrika vijidudu vingi vya tumbo havisikii tena dawa hiyo. Klarithromaisini nayo imeanza kuzoeleka; mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikitaja kijidudu kisichoisikia dawa hiyo kati ya vijidudu vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka. Mgonjwa ambaye dawa za kwanza hazikumponya asirudi dukani kununua zile zile. Amwonyeshe daktari majina ya dawa alizomeza, apewe nyingine. Mama wa nyumba angefanya vyema kuvitunza vikaratasi vya dawa katika bahasha moja. Karatasi hiyo ndogo ina thamani kubwa siku ya pili ya ugonjwa.

Ya pili, kijidudu chaweza kuingia upya. Jambo hili halitokei mara nyingi kama watu wanavyodhani. Kijidudu kinachoonekana tena ndani ya mwaka wa kwanza aghalabu ni kile kile cha zamani ambacho hakikufa. Lakini pale watu wanapokaa wengi katika chumba kimoja, maji ni machache na choo ni kibovu, hatari yazidi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kukanda bukari, na mama asimtafunie mtoto chakula. Si lazima nyumba nzima imeze dawa kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Mwenye maumivu ndiye apimwe.

Ya tatu ni dawa za kutuliza maumivu. Hapa nawasihi wachimbaji na wachukuzi wa mizigo wasikilize. Mtu abebaye magunia ya mawe tangu asubuhi mgongo wamwuma, na jioni ameza diklofenaki, ibuprofeni, indometasini au aspirini. Dawa hizo huzuia maumivu kweli, lakini zamzuia mwili pia kutengeneza kitu kinachouamuru ute wa tumbo utoke. Ukuta wabaki bila ulinzi, na asidi yafanya kazi yake. Mtu aweza kuwa ameua kijidudu chote, na bado akapata kidonda kipya kwa vidonge hivi. Kuvimeza pamoja na chakula hakuondoi hatari, wala kuchomwa sindano hakuiondoi, kwa maana dawa hupita katika damu na kulifikia tumbo. Aliyewahi kuugua kidonda amwambie daktari kabla ya kupokea dawa ya mgongo. Parasetamoli haina hatari hiyo kwa tumbo, ikimezwa kwa kipimo chake. Lakini mgonjwa wa moyo aliyepewa aspirini na daktari asiiache kwa akili yake mwenyewe, aulize kwanza.

Ya nne ni tumbaku, ambayo huchelewesha kupona, na pombe kali. Lutuku haiwezi kuwa dawa ya tumbo, hata kama mnywaji asema kwamba yamchangamsha. Yaunguza ukuta ambao umekwisha kuugua. Na anayemeza metronidazoli asionje pombe ya namna yoyote.

Ya tano ni chache sana: yako mavimbe yanayolisukuma tumbo litoe asidi bila kipimo. Madaktari wawili wa Marekani, Zollinger na Ellison, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1955. Tena yako mavimbe ya kansa yanayojificha kwa sura ya kidonda. Kwa hiyo kidonda kinachorudi mara nyingi, hasa kwa mtu mzima aliyeanza kukonda, chataka kutazamwa kwa mrija wenye kamera unaoingizwa kinywani. Kipimo hicho chaitwa endoskopi. Hakipendezi, lakini si kirefu, na daktari huona kwa macho yake badala ya kukisia.

Si kila maumivu ni kidonda

Yako maumivu mengine yanayodanganya. Mtu aliyemeza omeprazoli kwa miezi kadhaa akaiacha ghafula, tumbo lake, lililokuwa limezuiwa, hutoa asidi nyingi kuliko kwanza kwa muda wa majuma. Kifua chamwungua, naye asema, "Kidonda kimerudi," akaanza tena vidonge. Na hivyo hawezi kuviacha maisha yake yote. Huenda hana kidonda kamwe. Daktari aweza kumwonyesha namna ya kupunguza dawa kidogo kidogo. Wengine wana asidi inayopanda kooni wanapolala baada ya kula sana. Ugonjwa huo ni mwingine na matunzo yake ni mengine.

Pilipili yaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini haikizai. Mawazo mengi na kazi za usiku huyazidisha maumivu, lakini havikileti kijidudu. Maziwa hutuliza kwa nusu saa, kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Udongo mweupe unaouzwa sokoni hufunika maumivu kwa muda, na ukiliwa pamoja na dawa waweza kuizuia isiingie mwilini. Sombe na bukari havina kosa lolote. Mwenye kidonda na ale chakula chake cha kawaida, kwa saa zake, bila kushinda njaa mpaka jioni.

Kipimo cha kumaliza maneno

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha makala hii. Matibabu ya kidonda hayaishi siku ya kumeza kidonge cha mwisho. Huisha siku kipimo kinapoonyesha kwamba kijidudu hakipo.

Kipimo hicho hufanywa majuma manne au zaidi baada ya kumaliza dawa za kuua vijidudu, na mgonjwa awe ameacha omeprazoli kwa majuma mawili. Akipimwa mapema, au akiwa bado aimeza, vijidudu vichache vilivyobaki hujificha, na jibu huwa la uongo. Hupimwa choo, au pumzi anayoitoa mgonjwa baada ya kunywa urea iliyotayarishwa. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii, kwa sababu damu huendelea kuonyesha alama za vita miezi mingi baada ya adui kufa. Wako watu waliomeza dawa mara tatu kwa sababu ya kipimo cha damu, hali walikuwa wamekwisha kupona mara ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa asione haya kuuliza kwa heshima, "Daktari, mnapima choo au damu?"

Kipimo hicho chagharimu fedha, na fedha ni kidogo. Lakini tufanye hesabu pamoja. Tuhesabu vidonge vinavyonunuliwa kila mwezi bila mwisho, siku za kazi zinazopotea, na zawadi zinazopelekwa kwa waaguzi. Mwisho wa mwaka tutaona ni ipi iliyokuwa njia ya gharama.

Na kuna gharama nyingine isiyohesabiwa kwa franka. Katika nchi yetu wazee wengi, hasa akina bibi wajane, wameshtakiwa uchawi kwa sababu ya ugonjwa wa mtu mwingine. Wamefukuzwa, wamepigwa, wametengwa na wajukuu wao. Ni jambo la kutisha kwamba bibi alale nje kwa sababu mjukuu aliacha vidonge siku ya tano. Mkuu wa nyumba akisikia jina la mtu likinong'onwa penye kitanda cha mgonjwa, na ayakate maneno hayo palepale, aulize mambo manne: Je, alimaliza siku zote? Je, alipimwa baada ya kumaliza? Je, anameza dawa za mgongo? Je, anavuta tumbaku au anakunywa pombe kali? Mara nyingi jibu litapatikana kabla swali la nne halijaulizwa.

Mwisho, ziko dalili zisizongoja kesho. Mtu akitapika damu, au kitu kinachofanana na makapi ya kahawa. Akienda choo cheusi kama lami. Akishikwa ghafula na maumivu makali na tumbo likawa gumu kama ubao. Akianza kukonda na kutapika kila alapo: huyo na apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku. Tumbo lililotoboka halingoji mashauri ya ukoo. Daktari mpasuaji aweza kuliziba akimpata mgonjwa mapema, lakini kila saa inayopita yampunguzia nguvu.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wawasomee wazazi na wazee wa nyumbani sehemu hii juu ya kipimo, polepole, kwa maneno ya kwao. Na yule ambaye bado ana vidonge vya siku tisa katika sanduku lake asivianze leo kwa akili yake. Avichukue pamoja na bahasha ya karatasi zake, aende kwa daktari, aseme wazi aliacha siku gani. Daktari hatamcheka. Ataanza hesabu upya pamoja naye, tangu siku ya kwanza mpaka ya kumi na nne.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya maji ya visima na namna ya kuyatengeneza yafae kunywewa. Kwaherini.